Kilo za gitaa na bega langu

Mshikishe gitaa la umeme mpigaji yeyote hapa Dar, utaona. Kabla hata ya kulichomeka kwenye amplifaya, analipima kwanza mkononi. Likiwa zito anaguna kwa heshima: "Hii ndiyo mashine." Likiwa jepesi, eti la kujifunzia.

Imani hiyo naielewa. Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson lililoingia sokoni 1952, ni pande nene la mahogani lililofunikwa juu kwa mbao ya maple, na nyingi zinapita kilo nne. Sauti yake imeshiba, noti inakaa. Watu wakaona kilo, wakasikia sauti, wakaoanisha. Kumbe Gibson wenyewe tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakitoboa mashimo ndani ya mahogani ya nyingi kati ya hizo ili kupunguza mzigo, na kwa nje huoni kitu.

Mimi naamini hivi: mbao ina mchango wake, maana hula sehemu ya mtetemo wa nyuzi, ila pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zina usemi mkubwa zaidi. Chukua bisibisi ushushe kidogo tu ile ya upande wa shingo. Sumaku ikikaa karibu mno huvuta nyuzi nene, noti ikayumba na kukatika mapema. Ukiishusha, sauti inafunguka. Nimeona watu wakiuza gitaa zima kwa tatizo la skrubu mbili.

Sisi wa dansi tunapiga tumesimama tangu saa tatu usiku mpaka watu wachoke. Gitaa la solo la bendi lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Sebene likifika, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ambapo ndipo vidole vinatakiwa vikimbie, bega la kushoto limeshakufa ganzi na mkono unachelewa mdundo. Mchezaji pale ukumbini hajui gitaa lina kilo ngapi, lakini mkono uliochoka anausikia.

Sasa napigia la mtindo wa Stratocaster, ule wa 1954 wenye mgongo uliochongwa ukakaa vizuri mbavuni. Ni jepesi, na nikigonga uzi wa chini nausikia ukitetemeka tumboni. Huo mtetemo haufiki kwenye spika, najua, ila unanipa raha, na nikiwa na raha napiga vingine kabisa.

Wepesi nao una kero yake. SG ya Gibson, iliyotoka 1961 ikiwa nyembamba, ina tabia ya kuinamisha kichwa: ukiachia tu, shingo inashuka, na mkono wa kushoto unageuka nguzo badala ya kupiga. Dawa yake ni mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani unaokwaruza, ung'ang'anie shati.

Ukienda kununua, omba mkanda, simama nalo nusu saa, kisha liachie mikono yote uone linaelemea wapi. Mwenye duka atakunja uso. Mwache akunje.