Kati ya aya ya 28 na ya 33

Wapendwa katika Bwana, Yesu Kristo asifiwe. Somo la juma hili ni Mathayo 6:25–34, nami ningependa tukae zaidi kwenye aya ya 28: "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo, hayafanyi kazi, wala hayasokoti."

Wengi wetu tumeyasikia maneno haya tangu shule ya Jumapili, na kwa kuwa tumeyazoea, tunayapita mbio ili tuifikie ahadi iliyo mbele, kwamba hatutakosa chakula wala mavazi. Lakini Bwana hakuyaleta maua ili kuipamba hotuba yake. Alitoa agizo. Neno la Kigiriki ambalo Mathayo amelitumia hapo, katamathete, lina shina moja na neno mathetes, yaani mwanafunzi, na maana yake ni kujifunza jambo kwa makini mpaka likuelee. Anayeambiwa "fikirini maua" anaitwa kuketi mbele ya ua kama mwanafunzi aketivyo mbele ya mwalimu wake, na sina hakika ni wangapi kati yetu tumewahi kulitii agizo hilo hata kwa dakika 10.

Mimi hujaribu kulitii kwa brashi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, husoma fungu la Maandiko, kisha huchukua karatasi yenye ukubwa wa kiganja, kikombe cha maji na kisanduku cha rangi za maji, nikachora kitu kimoja nilichokiokota njiani au kilichoota karibu na mlango: jani la mgomba lililochanwa na upepo, ganda la mbegu, unyoya wa kunguru. Mimi si mchoraji, na watu wa nyumbani kwangu watawathibitishieni hilo bila kuulizwa mara mbili. Nilianza kwa sababu niligundua kwamba sala zangu za shukrani zilikuwa za jumla mno; nilimshukuru Mungu kwa uumbaji wote, na bado nisingeweza kueleza umbo la jani la mti ulio mbele ya dirisha langu. Wazee wetu wa imani walioandika Ungamo la Ubelgiji mwaka 1561 walisema kwamba ulimwengu huu ni kama kitabu kizuri kilichofunguliwa mbele ya macho yetu, na viumbe vyote, vikubwa kwa vidogo, ni herufi zake. Basi kila asubuhi nasoma ukurasa mmoja wa Maandiko na herufi moja ya kitabu hiki cha uumbaji.

Katika zoezi hili nina mwalimu ambaye hatukuwahi kuonana, kwa kuwa alifariki mwaka 1928. Lilias Trotter alizaliwa London mwaka 1853 katika familia yenye uwezo. Mwaka 1876 alikuwa Venice pamoja na mama yake, wakapata habari kwamba John Ruskin, mhakiki wa sanaa ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa Uingereza nzima, amefikia katika hoteli ile ile. Mama akampelekea michoro ya rangi za maji ya binti yake. Ruskin, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameshikilia kwamba wanawake hawawezi kuchora vema, aliitazama michoro hiyo akamchukua Lilias kuwa mwanafunzi wake. Baadaye alimwambia kwamba akijitoa mzima kwa sanaa atakuwa miongoni mwa wachoraji wakuu wa zama zake. Wakati huo huo Lilias alikuwa akizitumia jioni zake London kuwahudumia wasichana wafanyakazi na wanawake waliokuwa wakijiuza karibu na kituo cha treni cha Victoria, na moyo wake ulivutwa huku na huku mpaka Mei 1879, akiwa na umri wa miaka 25, alipoandika kwamba sasa anaona wazi kama mchana: hawezi kujitoa kwa uchoraji kwa namna aitakayo Ruskin na papo hapo akaendelea kuutafuta kwanza ufalme wa Mungu na haki yake. Mwaka 1888, baada ya kukataliwa na shirika la umisheni kwa sababu ya afya yake, alikwenda Algeria kwa gharama yake mwenyewe pamoja na wenzake wawili, wala hawakujua Kiarabu, na huko aliishi miaka 40 mpaka alipozikwa.

Wasimulizi wengi hukomea hapo. Alimwachia Mungu sanaa yake, wanasema, na mkutano unaitikia amina. Mimi husita kuitikia, kwa sababu shajara za Lilias za miaka hiyo ya Algeria zimejaa rangi za maji. Kuna maua ya jangwani, vichochoro vya mji wa kale wa Algiers, ngamia, vilima vya mchanga wakati wa machweo, nyuso za watoto. Michoro mingine ni midogo kiasi cha kufunikwa kwa vidole viwili, imebanwa pembezoni mwa maneno aliyoyaandika kuhusu wagonjwa, wageni na mambo ya kuombea. Alitunga pia vijitabu vya ibada vyenye michoro yake mwenyewe, ambamo mbegu inayopasuka na jani linaloachilia tawi vinaufundisha msalaba, sawasawa na chembe ya ngano ya Yohana 12:24. Kwa hiyo brashi hakuitupa. Alichokiacha ni jina, na pamoja na jina aliacha kitu ambacho mtu yeyote anayeshika brashi anajua thamani yake: siku ndefu, nzima nzima, ambazo bila hizo kipaji hakiwezi kufika kimo chake. Tusiipunguze gharama hiyo ili hadithi ipendeze. Katika kazi alizotuachia yapo mambo mengi yaliyoanzwa kwa mkono wa bingwa yakamalizwa kwa haraka ya mtu anayegongewa mlango.

Hata hivyo tazameni umbali uliopo katika sura yetu. Aya iliyomfanya akatae kuwa mchoraji mkuu ni ya 33, "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake," na aya iliyomfanya aendelee kuchora ni ya 28. Zimetengwa na aya nne tu, zimetoka katika kinywa kimoja, mlimani, kwa watu wale wale. Yule anayeambiwa autafute kwanza ufalme ameshaambiwa ayatazame maua, na sioni mahali popote ambapo agizo la pili linalifuta la kwanza. Naona kinyume chake: anayehangaikia kesho hana jicho la kuona ua, na asiyeona ua hana ushahidi wa kumtuliza kuhusu kesho.

Rangi za maji zenyewe zina tabia inayofaa kwa jambo hili. Rangi hiyo ni unga laini ulioshikwa kwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga, mingi ikiota Sudan na nchi jirani, nayo hupakwa nyepesi hivi kwamba nuru huipenya, ikaigonga karatasi iliyo chini, ikarudi machoni petu. Maana yake ni kwamba weupe haupakwi. Unaachwa. Mchoraji lazima ajue kabla ya kuloweka brashi ni wapi hatagusa, kwa sababu akisha kupafunika hawezi kupaweka weupe tena; ipo rangi nyeupe nzito inayouzwa madukani, lakini hukaa juu ya mchoro kama kiraka juu ya kanzu. Tena ni lazima asubiri: akiweka rangi ya pili kabla ya kwanza haijakauka, zote mbili hugeuka tope, na wakati wa masika huku kwetu kusubiri huko ni kwa kweli. Makosa yangu karibu yote yametokana na kuongeza. Siku hizi ninapoisoma amri ya Sabato naifikiria karatasi ile, kwamba siku moja imeachwa bila kuguswa katika juma zima, nasi tunaijaza kwa vikao na shughuli, halafu tunatafuta kiraka cha kuirudisha.

Mimi naishi chini ya milima ya Usambara, na juma lililopita niliamua kuchora ua moja kwa siku saba. Nilichagua lile ua dogo la urujuani liotalo kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito vya msituni. Mwaka 1892 afisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wa mimea wakaliita Saintpaulia kwa jina la familia hiyo. Leo hukaa ndani ya vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa watu ambao pengine hawajui Usambara iko upande gani wa dunia. Sisi tulio wenyeji wake tunalipita tukiwa na mizigo ya kuni. Nasema hivi nikijihesabu miongoni mwao, kwa maana sampuli yangu niliipata kwa jirani, katika kopo la rangi ya nyumba.

Siku ya kwanza niliona urujuani tu, nikachora doa. Siku ya pili niliona kwamba petali ni tano, lakini mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini. Siku ya tatu niliona vinyweleo vya majani, ambavyo sikuweza kuvichora na bado siwezi. Siku ya nne niliviona vifuko viwili vya chavua katikati, vya manjano iliyoiva, na nikajilaumu kwa kutoviacha weupe tangu mwanzo ili manjano ipate kung'aa. Siku ya tano niliona jambo ambalo limenifanya nitabasamu juma zima: kijiti chembamba kinachopokea chavua hakisimami katikati, kimeinama upande mmoja, na katika ua la pembeni, juu ya shina lile lile, kimeinama upande wa pili, kama mtu na sura yake kiooni. Nilikuwa nimelitazama ua hilo kwa siku nne. "Hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama mojawapo la hayo," alisema Bwana, naye alijua alichokiona.

Ndugu mmoja katika ushirika wetu aliwahi kuniuliza, kwa upendo na pia kwa ukali kidogo, mchoro umewahi kumwokoa nani. Nilimkumbusha habari za fundi Bezaleli katika Kutoka 31, aliyejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi za dhahabu, fedha, mawe na mbao, lakini nilihisi kwamba nimeshinda hoja bila kumjibu mtu. Jibu bora nililipata baadaye katika shajara ya Lilias. Asubuhi moja alimwona nyuki akizunguka juu ya maua ya miba ya porini, akiyagusa hapa na pale kama asiye na uhakika na kazi yake, na bila yeye kujua aliacha uhai kila alipogusa. Lilias anasema nyuki huyo alimfariji sana. Tukumbuke kwamba aliyeandika hivyo alifanya kazi kwa miongo kadhaa akiona matunda machache sana ya kuhesabu.

Siku ya sita ua langu lilianza kulegea, na siku ya saba, Jumamosi, nilikuta petali zimekunjamana na kubadilika rangi. "Majani yakauka, ua lanyauka," lilisema somo la asubuhi hiyo, Isaya 40, na nilikaribia kwenda kuomba jingine kwa jirani. Kisha nikakumbuka ukurasa ambao Lilias alieleza jinsi, katika kijisitu asubuhi na mapema, jua lilipokuwa likipanda nyuma ya mwamba, nyota ya dhahabu ilivyomulika ghafla kutoka kona yenye giza. Alipotazama vema aliona ni gugu la kawaida lenye ua la manjano, nalo limeshanyauka nusu, ila limelielekea jua uso kwa uso. Nikaligeuza lile kopo mpaka ua likaelekea dirisha, nikalowesha brashi. Michoro saba sasa imepangwa juu ya meza yangu, na huo wa mwisho ndio pekee ambao katikati yake, pale vilipo vifuko vya chavua, nilikumbuka kuiacha karatasi.