Wekundu wa jicho haunitishi

Ukifanya kazi kliniki ya macho huku Kilombero unaacha kushtushwa na wekundu. Mtu analetwa na ukoo mzima, weupe wa jicho wote umejaa damu, kumbe ni kimshipa kilichopasuka chini ya utando. Hakupigwa na chochote, anaona vizuri, haumwi. Damu hiyo itanyonywa yenyewe kwa wiki mbili hivi.

Anayeninyima amani ni fundi wa gereji anayeingia peke yake akitabasamu: "Dokta, kuna kitu kimenirukia, ila naona tu." Namuuliza alikuwa anafanya nini. Akisema alikuwa anagonga patasi kwa nyundo, tabasamu lake silijali tena. Kipande cha chuma kinachoruka hapo ni kidogo na kina kasi, kinaingia ndani ya jicho bila hodi, na tundu lake ni rahisi kulikosa.

Kabla ya yote napima uonaji, jicho moja moja, chati ya E, mita 6. Asiyeona chati ahesabu vidole, akishindwa nampungia mkono, akishindwa tena namulika tochi. Nakiandika kipimo hicho hata kama foleni inanung'unika. Waliokuja na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wakifika mahakamani ndicho kitakachoulizwa.

Kisha naangalia mboni. Ikiwa imevutika upande mmoja, imechongoka kama tone la maji, kwangu jicho hilo limetoboka mpaka mpasuaji aniambie vingine. Hapo hakuna kubonyeza, hakuna kugeuza kope, hakuna mafuta ya dawa wala pamba ya kukandamiza. Nalifunika kwa kikingio kigumu kinachoegemea mfupa. Kikikosekana, kitako cha kikombe cha plastiki kinafaa. Sindano ya pepopunda, antibayotiki, asile wala asinywe, rufaa leo hii. Picha ya eksirei sawa, ila MRI marufuku, maana sumaku yake itakivuta chuma humo humo ndani.

Chokaa, simenti na maji ya betri vina sheria yao: chati isubiri, maji kwanza. Ya bomba yanatosha, nusu saa bila kukatiza, kope zimefunuliwa. Osheni hapo hapo saiti, ndipo mtafute bodaboda.

Wachomeleaji wanatugongea usiku wa manane, macho yote mawili yanawaka, saa kadhaa baada ya kazi. Wanalia kuliko wote na wanapona haraka kuliko wote, siku moja au mbili. Wananibembeleza niwape chupa ya dawa ya ganzi waende nayo. Siwapi: ukiitumia nyumbani, kioo cha jicho hakiponi.

Na wakata miwa, jamani. Jani likikuchubua jicho, usinunue dukani matone yenye deksamethasoni. Yanatuliza siku chache huku fangasi wa shambani wakijenga. Njoo tukutie rangi ya floresini, tumulike kwa taa ya bluu. Palipochubuka patang'aa kijani, hata wewe tutakuonyesha kwenye simu.