Kompyuta ilikuwa inaganda hovyo, kumbe kashe ya kwenye mazabodi

Kama una kompyuta ya zamani ya 486 inaganda bila mpangilio, kabla hujahangaika na RAM, zima kwanza kashe ya nje (memori ndogo ya haraka kwenye bodi, kati ya RAM na prosesa) kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoingia mashine inapowaka. Yangu ilikuwa inasumbua balaa, leo Windows 95 inagoma kuwaka, kesho inawaka fresh afu katikati ya kazi kila kitu kinasimama hata mausi haisogei, ukipiga Windows upya nayo inakufia njiani. Kila mtu anasema RAM hiyo. Nikaweka RAM nyingine nzima kabisa, wapi, pawasaplai nayo nikabadilisha, vilevile.

Kilichonipa mwanga ni faili moja kubwa la zipu. Nikilikagua linaleta eroa ya CRC (namba ya kuhakiki data haifanani, yaani data imeharibika) kwenye faili fulani la ndani, nikirudia hapohapo bila kugusa kitu lile linapita na linakataa jingine. Sasa diski mbovu kwa kawaida inakwama palepale kila mara, hii ya kuhamahama inaonyesha data inaharibikia njiani kabla haijafika kwa prosesa, na RAM nilishajua sio.

Nikaingia BIOS, palipoandikwa External Cache nikaweka Disabled. Ile ya Internal nikaiacha maana hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe, ukiizima mashine inakuwa nzito ajabu, na ikiwa ndo mbovu huna ujanja, ni kutafuta prosesa nyingine. Nikaacha zipu inajikagua usiku kucha, asubuhi hamna eroa hata moja! Spidi imepungua kweli lakini imetulia, na nilifurahi sana maana hii mashine naipenda na ina programu za DOS ambazo bado nazitumia.

Ila sikutaka kuishi bila kashe. Kwenye bodi yangu ni chipu tisa kwenye soketi, nane za data zinazofanya KB 256 na moja ya tag inayokumbuka kilichohifadhiwa ni cha anwani ipi kwenye RAM. Kwanza nilizichomoa nikasafisha miguu kwa spiriti, haikusaidia (wengine inawasaidia, miguu ikishika kutu soketi haishiki vizuri). Nikapunguza kasi ya kashe kwenye BIOS kutoka 2-1-1-1 kwenda 3-2-2-2 (ni mapigo ya saa ya bodi kwa kila usomaji, namba kubwa ni polepole zaidi), eroa zikapungua ila hazikuisha. Ndo nikahamisha jampa (kile kidude kidogo cha kuunganisha pini kwenye bodi) iwe KB 128, nikabakiza chipu nne na ile ya tag, ikapita safi. Nikaweka zile nne zingine, eroa hizooo. Tag basi ni nzima, mbovu ni mojawapo ya hizi nne, nikawa nabadilishana moja moja na zile nzuri mpaka nikaipata.

Ukinunua nyingine angalia ukubwa uwe uleule na namba ya nanosekunde isizidi ya zamani, zangu ni 15, ukiweka ya 20 ni polepole zaidi na unaweza kurudi kulekule. Saa hizi niko KB 256 tena na 2-1-1-1, zipu inapita bila eroa.