Priampu ya TL072: besi ilivyokwama kwenye kapasita ya autiputi

Priampu yangu (kikuza sauti kinachotangulia amplifaya, kimejengwa kwa IC ya TL072) ilikuwa ikienda vizuri na amplifaya moja. Juzi nikaunga na sabufa kwenye autiputi ileile, besi ikakonda badala ya kunenepa.

Bodi inatumia adapta moja ya 12 V, kwa hiyo pini ya TL072 inayotoa sauti inakaa kwenye 6 V muda wote. Kapasita ipo hapo kuizuia hiyo DC (volti isiyobadilika) isiingie kwenye mashine inayofuata. Yangu ilikuwa ya plastiki, 1 µF, nyuma ya rezista ya 100 Ω.

Nikafungua programu ya toni kwenye simu, 50 Hz, nikapandisha sauti hadi mita isome 0.50 V bila mzigo. Kisha potensiomita ya 5 kΩ kutoka autiputi hadi graundi, nikaizungusha mpaka 0.25 V. Nikaichomoa na kuipima: kama 1.9 kΩ. Wengi huishia hapo wakasema hiyo ndiyo impedansi ya autiputi, yaani kiasi inavyoukinza mkondo wa sauti. Siyo. Ujanja wa nusu volti unafaa pale chanzo kikiwa ukinzani mtupu. Volti za kapasita na za rezista zimepishana robo mzunguko, hazijumlishwi kama pesa. Ukinzani wa kapasita kwa sauti, piga 1/(2πfC): 1 µF kwa 50 Hz ni 3.18 kΩ. Kwa 1 kHz, autiputi hiyohiyo ina kama 190 Ω tu!

Amplifaya ina 10 kΩ kwenye ingizo, sabufa nayo 10 kΩ. Zikiwa sambamba ni 5 kΩ, na sauti inakuwa imeshuka 3 dB kwenye 31 Hz, palepale sabufa inapotakiwa kufanya kazi. Ikiwa amplifaya peke yake, mkato huo uko 16 Hz, ndiyo maana sikuwahi kuusikia.

Nimelehemu elektroliti ya 47 µF, 25 V, chanya ikitazama IC. Kwa 50 Hz impedansi sasa ni kama 120 Ω; hata nikiweka mzigo wa 1 kΩ, 0.50 V inashuka hadi 0.45 tu. Besi imerudi. Kuna wanaosisitiza kuifunga sambamba na kakapasita kadogo ka plastiki. Nimejaribu, masikio yangu hayakuona tofauti.

Kilichobaki ni kishindo: kapasita kubwa ikijaa hadi 6 V, spika zinapiga "dufu" kila nikiwasha. Kwa sasa nawasha priampu kwanza, amplifaya baadaye. Rilei ya kuchelewesha autiputi kwa sekunde kadhaa ndiyo kazi inayofuata.