Jinsi Nilivyochagua Filamu Moja ya Kurosawa

Mpwa wangu ndiye aliyenitia katika mtihani huu. Alikuwa anarudi chuoni, flashi yake imebakiwa na nafasi ya filamu moja, akanijia jioni na kuniambia, "Mjomba, huyo Kurosawa wako unayemtaja kila siku, nipe filamu yake moja tu, ile unayoipenda kuliko zote." Nikamwambia aje kesho. Baada ya miaka mingi ya kumsifu Akira Kurosawa, mwongozaji wa filamu wa Japani, mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza, nilikuwa sijawahi kujiuliza swali hilo.

Kurosawa aliongoza filamu 30 kati ya mwaka 1943 na 1993, nami nimetazama takriban nusu yake. Rashomon, iliyotwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice mwaka 1951 na kuifungulia sinema ya Japani milango ya nje, niliiondoa mapema, kwa kuwa naiheshimu zaidi ya ninavyoipenda. Ran ya mwaka 1985 niliiondoa kwa sababu hafifu zaidi: rangi zake hunivutia hata nikasahau kisa chenyewe.

Iliyonikalia kooni ni Shichinin no Samurai, yaani samurai saba, ya mwaka 1954. Inazidi saa tatu na sijawahi kuiona ndefu. Wanakijiji maskini wanawatafuta wapiganaji wa kuwalinda dhidi ya majambazi kwa ujira wa chakula tu; wanne kati ya hao saba wanakufa, na wote wanne wanauawa kwa risasi, hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Usiku ule niliamini nimekwisha kuamua. Nilipolala ndipo nikajiuliza ni ipi hunijia akilini bila kuiita, mchana, nikiwa kazini, na jibu likawa filamu nyingine kabisa: Ikiru, neno lenye maana ya "kuishi", ya mwaka 1952.

Mimi ni mtu wa masjala. Mhusika mkuu wa Ikiru, Kanji Watanabe, ni mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, ambaye kwa takriban miaka 30 hajakosa kazini hata siku moja. Mwanzoni anafungua mtoto wa meza, anatoa andiko la zamani alilolitunga mwenyewe, pendekezo la kuboresha utendaji wa ofisi, anachana ukurasa wake, anafutia muhuri, kisha anaendelea kugonga karatasi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilitazama vidole vyangu, vilivyokuwa na wino.

Nakiri kwamba zamani niliiona filamu hii ina kasoro, kwa sababu Watanabe, anayeugua saratani ya tumbo, anakufa mapema na sehemu kubwa iliyobaki ni matanga yake. Sasa sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niichague. Wakubwa wa ofisi wameketi wakigawana sifa za kiwanja cha watoto ambacho marehemu alikihangaikia mpaka mwisho. Wanaingia wanawake wa mtaa ule, wanalia mbele ya picha yake, na hakuna mkubwa anayethubutu kuinua uso. Wakubwa wanapoondoka, wadogo wanakunywa sake, pombe ya Kijapani, na kuapa kuwa watafuata nyayo za marehemu. Siku chache baadaye, kazini, mwananchi mwenye shida anaelekezwa dirisha jingine kama kawaida. Nimekaa kwenye majamvi ya misiba kadhaa ya watu wa kazini, na viapo vya namna hiyo nimevisikia. Kimoja nilikiapa mimi.

Jambo lililonipa moyo zaidi ni kwamba Takashi Shimura, anayemwigiza Watanabe akiwa amejikunja na sauti haitoki, ndiye yule yule kiongozi wa samurai saba anayejipapasa kipara kila anapowaza. Nilikuwa nimezitazama filamu zote mbili bila kumtambua, kwa hiyo kuiacha moja hakukuwa kumwacha yeye.

Kesho yake nikamnakilia mpwa wangu Ikiru. Juma lililofuata alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Mzee kashafariki na filamu bado ndefu. Au umeninakilia vibaya?"

"Marahaba. Kaa hapo hapo," nikamwambia, "matanga bado hayajaanuliwa."