5 na 7 ni 57

Shughuli ya Salima ilipita salama, mahari ikapokelewa, na mvua ikangoja watu wamalize kula. Picha baadaye. Mimi bado niko kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaojifunza programu, narudia kusoma jibu la Injinia.

Niliuliza hivi: programu yangu inaomba namba mbili izijumlishe, naingiza 5 na 7, inaniletea 57, kwa nini? Sijaweka hata simu chini, Injinia akajibu: "Madamu, hilo ni swali la mtoto wa P.1. Soma kitabu kwanza ndiyo uje huku." Wengine wakamwaga vile vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Soma kitabu kwanza. Nimekisoma! Hiki hapa, chini ya daftari la mauzo la duka, nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale stendi ya Arua, na zoezi lenyewe nililinakili herufi kwa herufi. Siku nzima ya shughuli nilikuwa jikoni namjibu Injinia kimoyomoyo. Mara namwomba aniletee huyo mtoto wa P.1, wa darasa la kwanza, anifundishe. Mara nanyamaza kwa heshima zote mpaka yeye ndiye anaona haya. Shangazi akaniuliza kama nagombana na vitunguu.

Usiku ukaingia ujumbe, si kundini, pembeni. Yule mzee wa Gulu ambaye huandika kwa nadra: "Binti, hicho kitabu si cha Python 2?" Kumbe! Python ndiyo lugha ya programu ninayojifunza, na kwenye toleo lake la 2 ukiandika 5 kwenye input, ile amri ya kumwomba mtu aandike kitu, ulipewa namba. Tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, input inakurudishia maandishi matupu, hata kama umeandika tarakimu, na maandishi hayajumlishwi, yanaunganishwa. Ukitaka namba, izungushie int(). Hiyo Python 2 yenyewe waliacha kuitunza tangu mwanzo wa 2020. Zile print za kitabuni, amri za kuonyesha kitu kwenye skrini, zisizo na mabano kompyuta ilinigombeza yenyewe, nikazirekebisha. Input haigombezi mtu. Inakupa 57 kwa uso mkavu.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akagonga ukuta. Kitabu ndicho kimenipoteza, na Injinia ananirudisha kitabuni!

Raha ikaniishia nilipotaka kumshukuru mzee. Mbona ameninong'oneza? Ni adabu, najua, hakutaka kumwaibisha mtu mbele za watu. Lakini mimi niliaibishwa mbele za watu. Kundini swali langu lilibaki na jibu moja tu, lile la P.1, na yule msichana wa Koboko aliyejiunga juzi, mwenye kitabu kama changu, keshalisoma. Huyo atathubutu kuuliza nini tena?

Nikamwomba mzee nibandike maelezo yake kule. "Bandika, ila usimtaje mtu." Nimebandika. Injinia kaweka dole gumba. Sijui dole gumba lake lina maana gani, na leo sina nguvu ya kulichunguza.

Hussein alipanda basi la usiku kurudi Kampala. Alipiga akiwa Karuma, tangu hapo simu yake haipatikani. Mama anasema ni chaji. Chaji gani, na simu nilimchajia mimi mwenyewe?