Mishipa ya Fahamu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Ayubu 12:7, pale anapowaambia rafiki zake, waliojiona wana hekima yote, wakawaulize wanyama nao watawafundisha. Nami nikajaribu kuwauliza, tena juu ya kitu tunachojivunia kuliko vyote: ubongo.

Konyeza, yule mnyama wa baharini aliye laini kama ute, hana ubongo. Ana wavu tu wa neva ulioenea mwilini, na kwa huo huogelea na kukamata chakula chake. Kuna mnyoo wa udongoni, urefu wake milimita moja hivi, mwenye seli za neva 302. Ramani ya jinsi zinavyoungana ilitolewa mwaka 1986. Nyuki anazo kama milioni moja, naye huikumbuka njia ya kwenye maua, kisha akirudi mzingani huwaelekeza wenzake kwa kucheza. Sisi tunazo takriban bilioni 86.

Hapo nilitaka kujipongeza. Kumbe tembo anazo takriban bilioni 257! Ni kweli kwamba karibu zote zimo katika ubongo wa nyuma, na kwenye gamba la ubongo, lile tabaka la nje la kufikiria, sisi tunamzidi. Hata hivyo, ile ngazi niliyoizoea, mnyoo chini na mimi kileleni, haikusimama tena.

Aliyenikalisha chini hasa ni pweza. Ana seli za neva kama milioni 500, na theluthi mbili hivi zimo katika mikono yake minane. Mkono wa pweza hugusa, huonja kwa vinyonyeo vyake, na huamua mengi bila kungoja amri ya kichwa. Sisi Waswahili tunaziita neva mishipa ya fahamu, na miaka yote nimelisikia jina hilo nikidhani fahamu yenyewe hukaa kichwani, mishipa ikiwa matarishi tu. Kwa pweza, tarishi naye ana fahamu zake. Na mzee wa ukoo tunaochangia na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kiumbe duni mno. Njia zikaachana hapo, ubongo mkubwa ukakua huku na kule, kila mmoja kwa mpango wake.

Najua wapo kati yetu wasiopenda habari za mageuko ya viumbe ziingie katika ibada. Nawaheshimu, wala sitaki kubishana. Kwangu mimi, muda huo mrefu unanionyesha subira ya Mungu, aliyemshughulikia kiumbe wa kilindini kwa mamilioni ya miaka kabla hajakuwapo mtu wa kumwona wala kumsifia.

Jana usiku, nilipofumba macho kusali, nilimshukuru kwa ajili ya pweza. Sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu.